Anza na Ile Nyekundu

Itigi
12 Februari 1989

Binti yangu Magdalena,

Nakusalimu. Mama yako Dina anakusalimu, na mvua imenyesha vya kutosha, kwa hiyo hata mtama unakusalimu. Mimi ni mzima, ila kidole gumba nilikigonga kwa nyundo Alhamisi.

Huu ni mwaka na miezi miwili tangu uende Dodoma kusoma uhazili, na barua zako zote umemwandikia mama yako. Mimi naletewa salamu mwishoni, mstari mmoja, kama kodi. Silalamiki. Tuliagana vibaya, na siku ile kila mmoja wetu alikuwa na mdomo wake.

Nakuandikia kwa jambo la muziki. Unakumbuka miaka ile maduka yalivyokuwa na rafu tupu, mwenye duka amekaa katikati ya mbao na kopo moja la dawa ya viatu. Siku hizi bidhaa zimerudi, na kila mtu kuanzia hapa hadi Mkiwa anataka rafu mpya. Sijapumzisha randa tangu Novemba. Mwenye duka mmoja wa Mkiwa niliyemtengenezea rafu za ukuta mzima alinilipa kwa radio-kaseti mpya, ingali ndani ya nailoni yake. Nimeitumia kusikiliza taarifa ya habari na kurekodi mazoezi ya kwaya. Sasa nimechoka kujisikiliza.

Lile boksi la kaseti zako nililolifungia kwenye sanduku la zana bado lipo. Nasema zile tano za bendi ya Waingereza, Slate Rooms, ulizopewa na mwalimu wako wa hisabati aliporudi kwao. Niliikataza bendi ile nyumbani kwangu baada ya kuisikiliza dakika mbili tu. Mwalimu wa kwaya anayehukumu wimbo kwa dakika mbili anajiaibisha. Kwa hiyo nauliza kama mtu anayeuliza njia: asiyejua lolote aanzie wapi?

Ni mimi baba yako,
Gasto Alute

---

Dodoma
26 Februari 1989

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta karipio limejificha wapi. Sikuliona. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri, chakula si kibaya.

Umeuliza vizuri, nami nitakujibu vizuri. Slate Rooms ni vijana wanne wa mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vinafungwa kimoja kimoja. Mwalimu alitueleza kwamba kabla yao bendi za kwao zilijaa majivuno, mtu mmoja anapiga gitaa robo saa nzima na wenzake wamesimama wanamtazama. Ndipo wakaja vijana waliosema kwamba yeyote mwenye nyuzi tatu na neno la kusema aje apige. Waingereza wakauita muziki huo wimbi jipya. Bendi nyingi zilizofuata zimejifunza kwa hawa wanne, hata zile zinazochezwa kwenye madisko ya hapa bila watu kujua.

Albamu ni tano, na sikushauri uzifuate kwa miaka yake. Anza na ile nyekundu, ya tatu. Hapo ndipo walipojifunza kuwachezesha watu huku wakiwapa habari za huzuni. Mlango wake ni mpana, mtu yeyote anapita. Ukiizoea, rudi kwenye ya bluu, ambayo ni ya pili. Ina kinanda cha umeme na ni ya baridi, lakini ni ya kweli. Kisha nenda kwenye ya njano, ya tano, waliyoirekodi baada ya mpiga ngoma wao kuwakimbia na kurudi. Hiyo ni ya upole. Nyeupe, ya nne, iache mpaka uwe na subira, maana upande wa pili mzima ni wimbo mmoja. Ya kijivu, ya kwanza, iwe ya mwisho. Ukianza nayo utalifunga boksi tena, na safari hii hutalifungua.

Nyekundu kwanza, baba. Naijua kila pumzi yake.

Mwanao,
Magdalena

---

Itigi
19 Machi 1989, Jumapili ya Matawi

Binti yangu,

Nimeanza na ya kijivu. Usikasirike. Mtu haanzi kusoma Biblia kwenye Matendo ya Mitume, na seremala haanzi meza kwa kupaka vanishi. Wamezaa ya kwanza kwanza, nami nikaipokea kwanza.

Nikueleze ukweli. Wimbo wa kwanza nilidhani redio imeharibika. Wa pili nikajua haijaharibika. Huyo kijana anaimba kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kutolewa. Kuku wa mama yako waliondoka uani wakahamia kwa jirani. Mama yako alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza wimbo mzima, akasema kijana yule apewe maji.

Lakini nilimaliza pande zote mbili. Sasa nieleze kwa nini anapiga kelele. Kiingereza changu kinaishia kwenye vipimo vya mbao.

Ile nyekundu nitaifikia kwa wakati wake.

Baba yako,
Gasto

---

Dodoma
9 Aprili 1989

Baba, shikamoo.

Nilipofika kwenye kuku nilicheka mpaka nikaangusha bisibisi.

Umeuliza kwa nini anapiga kelele. Kwenye karatasi ya ndani ya jalada walieleza, nami niliisoma sana pale shuleni. Baba wa yule mwimbaji alifanya kazi kiwanda cha kufuma nguo, mashine mia mbili zikilia pamoja kutwa, mpaka masikio yake yakafa. Nyumbani kwao walizoea kuongea kwa kupaza sauti ili baba asikie. Yule kijana alikuwa na miaka kumi na tisa waliporekodi ya kijivu. Hana hasira kama unavyodhani. Anaimba ili baba yake asikie.

Vipi nyekundu? Uliniambia utaifikia, na mimi bado nasubiri. Wimbo wa tatu upande wa kwanza, ukifika pale ngoma zinapokaa kimya halafu gitaa la besi linaingia peke yake, uniandikie siku hiyohiyo.

Mwanao,
Magdalena

---

Itigi
14 Mei 1989, Pentekoste

Binti yangu,

Habari ya yule kijana na baba yake nimekaa nayo muda. Niliirudia ya kijivu tangu mwanzo. Bado ni kelele, lakini sasa najua inaelekea wapi.

Nikaenda kwenye ya bluu, na hapo, Magdalena, nimejifunza jambo katika uzee wangu. Katika kwaya zetu sauti ya nne inakaa chini na kushikilia wengine kama nguzo inavyoshikilia paa. Hawa vijana wamefanya kinyume. Gitaa la besi linatembea mbele na kuimba, na yale magitaa mengine yanakuwa ukuta wa nyuma tu. Nilichukua chaki nikaandika nota zake ubaoni karakanani, kwa herufi za sol-fa: d, d, s, l, s, m. Nikaziimba polepole. Ni nzuri hata bila umeme.

Miaka ishirini nafundisha kwaya, na Antipasi mwenye koo kama pipa nimempa nota mbili tu za kubeba wenzake. Juzi nilimpa njia hiyo ya besi katika wimbo wetu wa mavuno, ule tutakaoupeleka kwenye mashindano ya kwaya Manyoni mwezi wa kumi. Aliimba mara moja, akaomba aende nyumbani kupumzika kidogo. Nilidhani nimemwudhi. Kesho yake alifika wa kwanza mazoezini.

Sasa tatizo. Redio imeanza kumeza kaseti. Ile ya bluu ilitolewa tumboni mwake kama utumbo wa kuku, mita nzima. Sijaikata. Nimeifunika kwa kitambaa safi, nasubiri neno lako.

Baba yako,
Gasto

---

Dodoma
28 Mei 1989

Baba, shikamoo.

Umefanya vizuri kutokata. Chukua penseli yenye pembe sita, iingize kwenye gurudumu la kaseti, zungusha polepole huku mama ameshika mkanda usijipinde. Ukiona mahali pamekunjamana, panyooshe kwa ukucha, usipashe moto.

Kisha fungua mlango wa redio. Utaona kichuma kinachong'aa, hiyo ndiyo hedi, na pembeni yake kijiroli cheusi cha mpira. Hicho kijiroli ndicho mwizi. Kikishika vumbi la kwetu kinanata na kuvuta mkanda. Pata spiriti zahanati, lowesha pamba kidogo, sugua mpira mpaka pamba itoke nyeupe, halafu hedi. Acha ikauke kabla ya kuwasha. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo mbili. Hizo usiziguse, moja ikisogea hata robo mzunguko sauti zote za juu zitapotea.

Antipasi mpe salamu. Mwambie aimbe akiwa amesimama wima, asiiname.

Hukuniambia kitu juu ya nyekundu.

Mwanao,
Magdalena

---

Itigi
2 Julai 1989

Binti yangu,

Kijiroli kilikuwa mwizi kweli. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi kama sufuria. Ya bluu imepona, ina mkwaruzo mmoja tu ambao nimeanza kuupenda.

Nimesikiliza ya njano, nimesikiliza na nyeupe. Njano tuliisikiliza na mama yako tukichambua maharage, na maharage yakaisha kabla hatujatambua. Nyeupe ni kweli inataka subira. Ule wimbo wa upande mzima nilirandia ubao wa mlango tangu mwanzo hadi mwisho, vyote vikaisha pamoja, nikaona ndivyo unavyotakiwa kusikilizwa.

Lakini sasa kuna kasoro nyingine. Filimbi yangu ya kutolea sauti inasema wimbo uko kwenye G, redio inauimba chini kidogo, na jioni inashuka zaidi, kama mtu anayelala taratibu. Nilianika betri juani, haikusaidia. Halafu katikati ya wiki ikazima kabisa, na kaseti imenasa ndani, haitoki.

Jambo la mwisho. Chuo cha uhazili siku hizi kinafundisha mambo mengi. Nilidhani ni tapureta na hatimkato. Mwanafunzi wa uhazili anafanya nini na bisibisi?

Baba yako,
Gasto

---

Itigi
23 Julai 1989

Mwanangu Magdalena,

Ni mimi mama yako. Naandika kwa mkono wangu, ule ule niliofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo usicheke herufi.

Baba yako anakuficha jambo, nawe unamficha jambo, na wote wawili mnanificha mimi ninayeyajua yote. Pasaka Antipasi alipita Dodoma akakuona Barabara ya Tano kwenye karakana ya redio ya Mzee Mazengo, umevaa aproni, umeshika chuma cha kuchomelea. Aliuliza jirani akaambiwa uko pale zaidi ya mwaka. Alikuja kuniambia mimi kwanza. Nikamwomba aishie hapo, kwa sababu habari ya mtu aseme mwenyewe. Nimengoja. Hukusema. Sasa ngojangoja imetosha.

Redio ya baba yako imekufa na mashindano yanakaribia. Nimemwambia fundi mzuri yuko Dodoma kwa Mzee Mazengo. Hakuniuliza nimemjulia wapi, akili yake yote iko kwenye besi ya Antipasi. Mwisho wa mwezi anapanda treni. Usijifiche chooni. Na utakapofungua ile redio ukaona kilichonasa ndani, kumbuka kwamba mtu akiumwa moyo mikono yake hufanya mambo.

Nimemfungia karanga akuletee. Yeye anadhani ni za fundi.

Mama yako,
Dina

---

Dodoma
13 Agosti 1989

Baba, shikamoo.

Kwa saa mbili tulikaa meza moja na hatukusema yaliyotupasa, mpaka muda wa treni yako ukafika. Sasa nasema.

Uliposimama mlangoni na redio kifuani ukamwambia Mzee Mazengo kwamba unatafuta fundi, naye akaninyooshea kidevu na kusema, "Fundi ndiye huyo," nilitamani benchi linimeze. Kisha ukasema, "Huyo namfahamu," ukavuta kiti ukakaa. Ningefurahi kama ungenigombeza. Ulikunywa chai tu.

Chuo niliacha mwaka jana, mwezi wa tatu tangu nifike. Hakuna aliyenifukuza. Tapureta niliyopewa ilikuwa inaruka herufi, nikaifungua kuona kwa nini, nikakuta springi imekatika. Mwalimu akaniagiza kwa Mzee Mazengo nikatafute nyingine. Nilikaa pale mpaka wanafunga, nikimwangalia anavyofufua redio iliyotupwa. Kesho yake nilirudi, na keshokutwa yake. Nilipenda kile kitambo kifupi kabla sauti haijaingia, unasikia mlio wa mbali halafu mtu anaanza kuongea. Lakini najua uliuza mbao zako za mninga ulizozitunza miaka mingi ili mimi nisome uhazili. Kila nikishika kalamu kukuambia, nilikuwa naziona zile mbao. Ndiyo maana nilimwandikia mama tu. Haikuwa kiburi. Nilikuwa naogopa.

Na ile nyekundu. Nilipofungua mlango wa redio nikaikuta ndiyo iliyonasa, nilifurahi sekunde moja, nikasema kumbe anaisikiliza. Kisha nikaona matundu mawili ya juu yamezibwa kwa karatasi. Baba, kaseti iliyotoka kiwandani haiwezi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Mtu lazima ayazibe matundu yale. Niliiweka mezani kati yetu, nawe ukatazama kikombe.

Nimekasirika, sitaongeza uongo juu ya uongo. Lakini mtu aliyedanganya zaidi ya mwaka hana haki ya kuwa hakimu. Basi nimekasirika kidogo tu.

Mwanao,
Magdalena

---

Itigi
13 Agosti 1989

Binti yangu Magdalena,

Naandika hii kabla sijapata barua yako, usije ukadhani nimekiri kwa kubanwa.

Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka bila kugeuka nyuma, niliazima redio ya Paroko nirekodi mazoezi ya kwaya. Kaseti tupu ilikuwepo. Nilifungua sanduku la zana, nikatazama zile tano, nikachagua nyekundu kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwa. Nilijua ndiyo unayoipenda. Nilikata kipande cha bahasha, nikakikunja, nikaziba matundu. Mambo mengine siku zile niliyafanya kwa hasira. Hilo nililifanya kwa utulivu, na ndilo linaloniuma.

Uliponiandikia nianze na nyekundu, nilijua nimenaswa. Maneno yangu yote kuhusu Matendo ya Mitume yalikuwa ya kukimbilia kijivu. Na siku redio ilipozima nilikuwa nimeiweka ileile, nasikiliza kwaya ya mwaka juzi ilivyoimba sauti ya nne, nilinganishe na ya sasa. Laiti mama yako angeniambia fundi ni nani, ningeiacha redio ife.

Sasa nikuambie nilichoona Dodoma. Nilikutazama ukifanya kazi. Hukuharakisha. Skrubu ulizipanga mezani kwa mpangilio wa zilivyotoka. Ulipopata ule mpira wa mota uliolegea, uliokuwa ukishusha sauti, hukuutupa mpaka umenionyesha. Mzee Mazengo alinong'ona kwamba wateja wengine wakimkuta yeye peke yake wanasema watarudi kesho. Mimi uhazili siujui sana. Nilisikia tu ni kazi ya heshima ya kukaa kivulini. Na wewe nilikukuta umekaa kivulini.

Redio sasa na filimbi vimepatana kabisa.

Kaseti niliiacha mezani kwako kwa sababu sikustahili kurudi nayo. Nisamehe.

Baba yako,
Gasto Alute

---

Dodoma
3 Septemba 1989

Baba, shikamoo.

Barua zetu zimepishana, nadhani karibu na Manyoni. Yako niliisomea hapa karakanani. Mzee Mazengo akajifanya anatafuta kitu nje.

Nimekusamehe. Naomba na wewe unisamehe uhazili.

Wiki iliyopita niliisikiliza ile nyekundu yako. Nilitaka kujua tu umefuta mpaka wapi. Kuna nyimbo tatu za kwaya, na sauti ya mama iko juu ya wote, inakuja mapema nusu pigo kama kawaida yake. Baada ya wimbo wa tatu hukuzima. Viti vinavutwa. Antipasi anauliza kama mtafunga kwa sala. Nawe unasema, "Salini. Na mumtaje Magdalena, yuko peke yake huko Dodoma." Antipasi anasema, "Mtaje wewe, mwalimu, ni mwanao." Kisha unasema, "Nikianza mimi hatutarudi nyumbani leo."

Hapo inakata, na wimbo wa mwisho wa Slate Rooms unaingia katikati ya mstari.

Mimi miezi yote ile nilidhani mnakaa mezani na jina langu halitajwi.

Kaseti hiyo siifuti. Nimetoa zile karatasi zako kwenye matundu ili mtu mwingine yeyote asirekodi juu yake. Inakaa kwangu.

Nyekundu yenyewe nimekupatia. Mhandisi mmoja wa visima anayeleta redio yake hapa anayo kamili, akaniazima siku moja. Nimekunakilia kwenye kaseti ya dakika sitini na kuipeleka na barua hii. Hii sasa huna kisingizio cha kuikimbia.

Krismasi nakuja.

Mwanao,
Magdalena

---

Itigi
5 Novemba 1989

Binti yangu Magdalena,

Tumekuwa wa pili kati ya kwaya tisa. Jaji mmoja alisema sauti yetu ya nne ina kiherehere. Lakini wimbo wa mavuno ulipokwisha watu wakataka urudiwe, jambo ambalo sheria hairuhusu, nasi tukaurudia nje chini ya jua, kwaya nzima na nusu ya wasikilizaji. Antipasi aliimba wima kama ulivyoagiza. Mwalimu wa kwaya ya Ihanja alikuja na daftari akaomba nota za besi, akauliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, kwa vijana wanne wa Uingereza na fundi mmoja wa Dodoma. Aliandika yote, hata hilo la fundi.

Nyekundu nimeisikiliza. Nilingoja mashindano yapite ili nisiwe na haraka. Pale ulipoagiza, wimbo wa tatu, ngoma zinaponyamaza na besi kuingia peke yake, nilizima redio nikatoka uani. Mama yako akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, nikarudi nikaiwasha.

Nimefikiri juu ya ushauri wako, na naona ulikuwa sahihi kwa watu wengi. Mlango wake ni mpana kweli. Lakini mimi nafurahi nilianza na kijivu, hata kama nilianza kwa woga. Kwenye nyekundu yule kijana hapigi kelele tena, anaongea. Aliyeanzia hapo atasikia sauti nzuri tu. Mimi niliyemsikia kwanza akimpazia sauti baba yake, nilijua kwamba hapa baba amesogeza kiti karibu. Ukimwelekeza mtu mwingine, mpe njia zote mbili, achague.

Sasa jambo la mzigo. Nilipokuwa Dodoma niliona unafanya kazi umejikunja juu ya kimeza kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa shule, mabega yamegusa masikio. Kwa umri wako leo hutasikia kitu, ukifika wangu utasikia. Nilikupima kwa macho kuanzia kiwiko hadi sakafu, nami macho yangu hukosea nusu inchi tu. Nimekutengenezea benchi la kazi. Upande wa kushoto lina droo kumi na mbili ndogo za skrubu, na ukingo mdogo mbele ili kitu kisibingirike kuanguka. Mama yako ndiye aliyepiga msasa na kupaka mafuta. Anasema mimi napaka kama nalisha ng'ombe.

Limepakiwa leo asubuhi kwenye behewa la mizigo, na stakabadhi iko ndani ya bahasha hii. Uende stesheni na Mzee Mazengo, maana ni zito, na wapagazi waambie wasilishike kwa droo. Ile ya chini kushoto inakaza, mbao yake ilikuwa na unyevu kidogo. Usiilazimishe. Inyanyue kwanza, halafu ivute.

Baba yako,
Gasto